Laini ya Saranda: Wasifu wa Mzee Nathan Msengi Kiula (1951–2025)

Mchungaji, wazee wa Misigiri mliosafiri tangu alfajiri, majirani zetu wa hapa Manyoni wa kanisani na wa msikitini, wakwe zetu wa Iguguno, na ninyi wastaafu wa reli mliokaa pale nyuma kana kwamba msiba si wenu: poleni, na asanteni kwa kuja. Mimi ni Dorkas, mtoto wa kwanza wa marehemu. Ni mwalimu, nakaa Utemini, Singida mjini. Familia imenipa kazi ya kuandika wasifu huu na kuusoma. Rasimu ya kwanza niliimaliza kwa nusu saa, na ndani yake kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba marehemu "alipenda kujishughulisha na kazi ndogondogo za mikono." Nimeichana. Mliyoshika mkononi ni ya pili, na mchungaji ameshaniambia kwa upole kwamba ni ndefu. Naomba mnivumilie. Kuna neno nililisema miaka ishirini iliyopita mbele ya baadhi yenu, likamchafua mtu huyu, na leo anazikwa kabla sijalirudisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Misigiri, wilaya ya Iramba, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Msengi Kiula na Bibi Leah. Baba yake alilima mtama na kufuga ng'ombe. Treni aliiona kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na moja, mjomba wake alipomchukua kwenda Itigi kufuata asali. Walikuta treni ya mizigo imesimama stesheni, mabehewa yamejaa, injini inaunguruma, na hakuna mtu mwenye haraka. Akamuuliza mjomba mbona haiondoki na iko tayari. Mjomba, ambaye naye hakujua, alimjibu kwamba inasubiri ruhusa ya mtu asiyeonekana. Jibu hilo lilimkaa marehemu maisha yake yote, na alilisimulia hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1960 hadi 1967. Alikuwa na mwandiko mzuri kiasi kwamba wanakijiji walimpa barua zao awaandikie, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba haongezi neno. Ukimwambia andika "nawasalimu," ataandika "nawasalimu," basi. Hata kama ulikuwa unataka kulia, hilo utalifanya mwenyewe.

Mwaka 1971 alianza kazi ya kibarua katika kikosi cha kutengeneza njia ya reli. Baadaye akawa mtu wa kubadilisha njia stesheni, na mwaka 1976 akapelekwa Tabora kwa mafunzo. Mwaka 1977 alipangiwa Saranda kama stesheni masta msaidizi. Kutoka hapo akaenda Itigi, na kuanzia mwaka 1985 alikuwa hapa Manyoni mpaka alipostaafu Machi 2011. Kwa miaka yote hiyo hakuna treni mbili zilizokutana vibaya mkononi mwake. Wastaafu pale nyuma wanatikisa kichwa kukubali, na hao si watu wa kusifia ovyo.

Kwa wasiojua kazi hiyo, naomba nieleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa kinachofuata. Njia ya reli ni moja. Treni inakwenda humo na nyingine inarudi humo humo. Kwa hiyo stesheni haitoi treni mpaka stesheni ya mbele iseme kwamba njia ni tupu. Huko ndiko kuomba laini. Manyoni inaomba, Saranda inajibu, na jibu linaandikwa kwenye daftari pamoja na saa. Treni ikichelewa, daftari lina safu ya sababu, na safu hiyo haiachwi wazi. Halafu kuna kanuni moja ambayo marehemu aliipenda kuliko zote: stesheni haijipi laini yenyewe. Hata kama unaona kwa macho yako njia nyeupe mpaka upeo wa macho, lazima mtu wa upande wa pili aseme.

Ni Saranda hiyo hiyo alikomkuta mama yetu, Anastasia, binti wa Kigogo aliyeuza kuku wa kukaanga kwa abiria. Treni zilikuwa zinachelewa na kuku wanapoa. Marehemu akaanza kutoka ofisini kwenda kumwambia mapema treni itafika saa ngapi, ili asiwaweke kuku kwenye mafuta bure. Uchumba wao basi ulianza kwa taarifa za kuchelewa kwa treni. Walifunga ndoa hapa Manyoni tarehe 16 Septemba 1978, na Mungu akawajalia watoto watatu: mimi mwaka 1979, Philipo mwaka 1982 na Aneth mwaka 1986.

Sasa nafika kwenye zile "kazi ndogondogo."

Mwaka 1988 marehemu alijenga reli ndani ya nyumba yake. Hakuwa anatengeneza vigari vya watoto. Alijenga reli. Vyuma vyake vilikuwa spoku za baiskeli alizozinyoosha moja moja, mataluma yake ya kulalia vyuma yalikuwa mbao za makreti. Injini ilikuwa na mota ya redio kaseti na ilitumia betri ya pikipiki. Mabehewa yalikuwa tisa, ya bati, na kila moja lina namba yake. Chumba cha uani kilikuwa Manyoni. Njia ilipita kwenye tundu la ukutani, ikaingia sebuleni, ikafuata ukuta juu ya rafu huku ikiteremka kidogo kidogo kama inavyoteremka mlima wenyewe, ikapenya tundu la pili na kuishia jikoni. Jikoni kulikuwa Saranda. Wageni walipoyaita matundu yale mahandaki, alikasirika. Alisema kati ya Manyoni na Saranda hakuna handaki, na kwa hiyo ukuta ule kwa mambo ya reli haupo.

Kila siku ambayo hakuwa zamu, na baada ya kustaafu kila siku ya Mungu, saa kumi alasiri ilitoka Treni Namba 41 ya mizigo. Behewa halikuondoka tupu bila sababu. Kulikuwa na vifuko vya alizeti ya Iguguno alivyovishona mama, vitunguu vidogo, chumvi, na chupa ya dawa ya kikohozi iliyojazwa mafuta ya taa, ambayo ilikaa mbali na injini kama kanuni inavyotaka. Kila behewa lilikuwa na kadi inayosema limebeba nini, limetoka wapi na linashushwa wapi. Likikosewa kupangwa, treni nzima inarudi nyuma ipangwe upya. Hakuwa na haraka. Hakuikimbiza ile injini hata siku moja, ingawa Philipo alimwomba sana.

Na alikuwa haondoi treni mpaka aombe laini. Alivuta waya uliokwenda mpaka kengele ndogo ya jikoni: mapigo matatu. Mama aliacha anachokipika, akachungulia njia, kisha akagonga kijiko kwenye mfuniko wa sufuria mara mbili na kuita kwa sauti, "Mbukwa, Manyoni. Laini ni yako." Marehemu alilalamika miaka thelathini na zaidi kwamba salamu ya Kigogo haimo kwenye kanuni. Hata hivyo aliiandika daftarini kila mara, kwa sababu ilisemwa.

Si kila mtu aliruhusiwa kushika Saranda. Ulifanya mtihani wa mdomo, na marehemu hakuwa na huruma. Mama alifaulu. Philipo alipewa nafasi ya majaribio akiwa na miaka tisa, akatoa laini huku mabehewa mengine bado yako njiani, vitunguu vikamwagika sebule nzima. Alisimamishwa kazi siku ile na mpaka leo hajarudishwa. Aneth alisema hataki. Mimi nilifaulu tarehe 8 Desemba 1991, nikiwa na miaka kumi na miwili, na nikapewa karatasi yenye ule mwandiko wake: "Dorkas Nathan amejibu maswali yote. Anaweza kukaimu Saranda." Nililala na karatasi ile chini ya mto. Nasema hili ili mjue kwamba yote niliyoyafanya baadaye niliyafanya nikiwa najua kanuni.

Jumamosi tarehe 17 Julai 2004 wakwe zangu walikuja kujitambulisha. Nilikuwa nimeshaanza kazi, nina viatu vya kisigino, nina jina la mwalimu, na nilikuwa naona aibu na reli ya baba kuliko mtu anavyoona aibu na paa linalovuja. Asubuhi nilitandaza vitambaa vya makochi juu ya njia yote ya sebuleni. Nilimwomba marehemu siku ile moja tu treni isitoke. Hakujibu ndiyo wala hapana. Mzee Simeoni, baba mkwe wangu, yupo pale mbele na atanisahihisha nikikosea: mazungumzo yalikuwa mazuri, chakula kimeliwa, na marehemu akaomba ruhusa akainuka. Kumbe mzigo ulikuwa umekaa dakika hamsini. Tukasikia kengele jikoni, tukasikia sufuria, na mama akamsalimia Manyoni. Kisha vitambaa vyangu vikaanza kuinuka kimoja kimoja ukutani, na treni ya mizigo ikatokea chini yake nyuma ya mgongo wa Mzee Simeoni, imebeba alizeti.

Mshenga akaziba mdomo asicheke. Mimi nikasema, na haya ndiyo maneno yenyewe:

"Mnisamehe, wazee. Baba yetu siku hizi kichwa hakiko sawa. Tunamtafutia matibabu."

Ndilo neno lenyewe. Hakuna aliyenilazimisha, na lilinitoka kirahisi. Wakwe zangu walinihurumia, na tangu siku ile, Iguguno yote, mlimjua marehemu kama mzee mgonjwa wa akili. Mlipomsalimia mlipaza sauti kana kwamba mnamsemesha kiziwi. Mzee Simeoni kwa moyo wake mwema alipopita stesheni siku chache baadaye aliwauliza wafanyakazi kama mwenzao anapata dawa. Mtu anayeshika maisha ya abiria haulizwi hivyo yakaishia hewani. Marehemu alikaa nyumbani wiki tatu akipimwa, akaonekana mzima, akarudi kazini. Hakuniuliza kitu. Aliniuliza tu kama maandalizi ya harusi yanakwenda vizuri. Mama ndiye aliyesema, siku wageni walipoondoka, huku akikunja vitambaa. "Umemvua baba yako nguo mbele za watu," akasema, na hakulirudia tena mpaka anaingia kaburini.

Kwa hiyo wakwe zangu, na hasa wewe Baba Simeoni, nasema mbele ya jeneza hili: marehemu hakuwahi kuwa mgonjwa wa akili hata siku moja. Nilidanganya. Nilidanganya kwa sababu ya vitambaa vya makochi.

Mama yetu alifariki tarehe 3 Oktoba 2022. Tarehe 20 mwezi huo huo, saa kumi kamili, simu yangu iliita nikiwa katika ofisi ya walimu. Nikapokea, marehemu akasema kwa sauti yake ya kazi kwamba hapo ni Manyoni, anaomba laini kwa ajili ya Namba 41. Alikuwa ameipakia siku mama alipofariki na haijaondoka. Walimu wenzangu walisikia. Mmoja akauliza ni nani, nikamjibu ni mtu amekosea namba. Nikatoka nje, chini ya dirisha la ofisi, nikamwambia baba yangu:

"Baba, mama amekufa. Saranda imefungwa."

Nilidhani atalia, lakini alikuwa anafikiria kanuni. "Stesheni ikifungwa," akasema, "hutangazwa kwa maandishi." Kisha akanishukuru, akakata simu.

Hakunipigia tena kwa jambo hilo. Nilipokwenda kumtembelea niliikuta treni pale pale, Manyoni, imejaa, nikapita nayo kama sijaiona. Ingenichukua dakika moja. Kijiko kilikuwa kinaning'inia jikoni. Niliona nikigonga mara moja nitakuwa nimekubali kugonga daima, na majirani watasema wazimu ni wa ukoo. Nikafua, nikapika, nikamwachia dawa zake za presha, nikapanda gari nikarudi Singida.

Tarehe 22 Januari mwaka huu, jioni, marehemu alipata kiharusi. Alilazwa, na sauti yake haikurudi. Tulipeana zamu kumuuguza, na tunawashukuru wauguzi na wote waliokuja. Jumamosi tarehe 8 Februari nilikuwa nimekaa naye, mama mkwe wangu na muuguzi wapo. Mkono wake wa kushoto, ambao ulikuwa bado una nguvu, ukaanza kugonga chuma cha kitanda. Mara tatu. Akapumzika. Mara tatu. Muuguzi akasema ni mishipa inacheza. Mimi nilijua. Nilifaulu mtihani ule nikiwa na miaka kumi na miwili, ningekosaje kujua? Alikuwa ananitazama. Nikaona haya kugonga chuma cha hospitali mbele ya mama mkwe. Nikaushika ule mkono kwa mikono yangu miwili ili usigonge tena. Mama mkwe akatokwa machozi, akasema jinsi ninavyompenda baba yangu. Sikumsahihisha. Marehemu alifariki kesho yake, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa moja asubuhi.

Jumatatu niliingia chumba cha uani kutafuta cheti chake cha ubatizo kwa ajili ya wasifu huu. Nikakuta madaftari ya treni, kumi na saba, tangu 1988. Nilifungua kwanza 17 Julai 2004, kwa sababu mwenye kosa hujua pa kutafuta. Alikuwa ameandika: "Namba 41 imechelewa dakika 50. Sababu: wageni wa Dorkas. Afya ya stesheni masta: nzuri." Daftari la treni halina safu ya afya ya stesheni masta. Aliyachora mwenyewe maneno yale pembeni. Nilikuwa nimelisahau lile tundu la ukutani. Alikuwa upande wa pili, na alinisikia neno kwa neno.

Kisha nikafungua daftari la mwisho. Kuanzia tarehe 20 Oktoba 2022 mpaka 22 Januari 2025 kuna mistari mia nane na ishirini na sita, kila siku mmoja. Kila siku saa kumi alivuta waya, kengele ikalia kwenye jiko lisilo na mtu, akasikiliza, akarudi kuandika kwamba ameomba laini na Saranda haijajibu. Mahali pengine ameandika kwamba mzigo wa alizeti umepungua, sababu panya, umejazwa upya. Lakini treni hakuitoa. Alikuwa peke yake ndani ya nyumba, hakuna ambaye angemwona, na hakujipa laini.

Safu ya sababu hakuiacha wazi hata siku moja. Nimeisoma yote. "Dorkas yuko darasani." "Dorkas anasahihisha mitihani." "Mvua Singida." "Dorkas ana wageni." "Dorkas amechoka." Mia nane na ishirini na sita, na hakuna hata moja inayosema kwamba Dorkas amekataa. Mtu huyu ambaye hakuongeza neno kwenye barua za watu alikaa miaka miwili akinitungia udhuru. Mstari wa mwisho, wa tarehe 22 Januari, unasema: "Dorkas atakuja."

Marehemu ameacha watoto watatu, Dorkas, Philipo na Aneth, wakwe, wajukuu saba, dada yake mmoja, Bibi Selina wa Misigiri, na treni moja ya mizigo yenye mabehewa tisa, iliyopangwa sawasawa, kadi zake zote mahali pake, ikisubiri Manyoni. Wastaafu wa reli, nimewaomba wawili wenu wakae kwenye chumba cha uani badala ya kuja hapa makaburini, washike injini, simu ikiwa wazi ili wasikie laini ikitolewa. Asanteni kwa kutonicheka.

Nimekuja na kijiko cha mama na mfuniko wake. Philipo, nishikie karatasi.

Saranda haijafungwa. Haikuwahi kutangazwa kwa maandishi, na kwa maandishi haya natangaza kwamba iko wazi. Nimechelewa, Baba. Sababu: Dorkas aliona haya.

Nagonga mara mbili.

Mbukwa, Manyoni. Njia ni tupu mpaka chini. Jaribu breki, teremka taratibu, upumzike. Laini ni yako.